Mguu Wangu na Kiti cha Pointeur

Jumatatu, 2 Machi 1970

Habari kubwa! Mzee Philippe anastaafu. Yeye ndiye pointeur wetu hapa kiwandani Shituru, anayeandika majina ya wafanyakazi mlangoni. Huandika ameketi. Kiti chenyewe kina mikono! Mimi nimesimama miaka kumi na saba kwenye kaunta ya magazini, yaani ghala la vifaa, nikigawa glavu na sepetu. Chef Zéphirin ametangaza: kiti atapewa mtu mwenye barua ya daktari. Mshindani ni mmoja, Urbain, mwenzangu wa kaunta. Miguu yake mizima kama ya mbuzi. Yangu imejaa mishipa iliyovimba na kujikunja, na juu ya kifundo nina kidonda kilichokataa kufunga tangu Noeli. Leo, kwa mara ya kwanza, nakipenda.

Mke wangu Marceline hakipendi. Anaogopa mguu utakatwa. Amefoka, akiuonyesha mguu: "Mukulu yako iko na kidonda, na weye unawaza kiti!" Hajui siasa za kazini.

Jumatano, 4 Machi

Tatizo. Daktari ananiona asubuhi, na mguu wangu huvimba jioni. Asubuhi unakuwa mwembamba. Msaliti! Lakini akili ni mali. Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli. Kesho baada ya chai nitaufunga chini ya goti, ndani ya suruali.

Alhamisi, 5 Machi

Nilipoingia, vidole vilikuwa vya bluu. Daktari Adolphe akafungua mpira, akauliza ni nini. Nikasema ni desturi ya ukoo. Akasema ugonjwa uliopo unatosha, hauhitaji msaada wangu.

Upo! Nilitaka kumkumbatia. Akanisimamisha juu ya kistuli, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akanilaza, akainua mguu mpaka mishipa ikatulia, akaufunga mpira (wake ni halali), akanisimamisha tena huku akitazama saa. Akapapasa mapigo ya damu juu ya wayo. Akauliza kama baba alikuwa hivi. Alikuwa. Akaeleza kwamba ndani ya mishipa kuna milango midogo ya kuzuia damu isirudi chini, na yangu imelegea. Kisha akasema nisisimame tena kutwa nzima.

Hapo nikaacha kusikiliza. Aliendelea sana, lakini mimi nilikuwa nimeshaketi, moyoni. Akanipa barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Nikampita Urbain kwenye foleni nikichechemea kwa fahari.

Ijumaa, 6 Machi

Aibu! Nilikwenda na mto wa kukalia, umeshonwa jana. Chef akasoma barua mbele ya magazini nzima. Asisimame muda mrefu. Vizuri! Asiketi muda mrefu miguu ikining'inia. Nini? Atembee, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kupandisha damu. Avae soksi za kubana hadi gotini. Akipumzika, ainue miguu juu.

Chef akakunja barua: "Docteur anasema weye utembeye. Bon, tembeya!"

Sasa mimi ni planton, napeleka makaratasi ofisi hadi ofisi, kwa miguu. Kiti amepata Urbain. Eti alimwambia daktari kwamba mgongo unamwuma, na kweli unamwuma. Ukweli mtupu! Sikutegemea mbinu chafu namna hiyo. Akaniomba na ule mto, nami nikampa kwa mshangao.

Jumamosi, 11 Aprili

Kuvaa soksi hizi ni mieleka. Marceline anavuta, mimi nashika kitanda. Kazini wananiita Madame.

Leo asubuhi alifungua bandeji, akatazama, akaniita kwa sauti ndogo. Kidonda kimefunga! Alilia. Akachinja kuku. Nami nilifurahi, nakiri, hata nikamshika mkono mbele ya watoto. Kisha nikakumbuka kwamba sasa sina tena ushahidi wa kuombea kiti. Kuku akapoteza ladha.

Jumanne, 5 Mei

Mungu si Athumani! Urbain hawezi tena. Kuketi kutwa kumezidisha maumivu ya mgongo. Anataka tubadilishane: yeye atembee, mimi niketi. Akanikumbusha, mjinga huyu, maneno ya daktari juu ya kuketi. Nikamwambia mguu uliopona hauna daktari. Chef, aliyechoka nasi wote wawili, alidai nitie sahihi kwamba nimependa mwenyewe. Nilitia mara mbili. Marceline bado sijamwambia.

Ijumaa, 22 Mei

Wiki mbili za utamu! Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi sinyanyuki hata kunywa maji. Soksi nimemwachia Urbain, maskini wa Mungu, anayetembea juani. Tangu juzi kiatu hakiingii, na juu ya kifundo panawasha. Nimetafakari sana, nikapata chanzo: kiti ni kifupi, sakafu inaisukuma miguu. Chef ameahidi kirefu zaidi Jumatatu, ili ining'inie vizuri.