Herufi Moja Iliyoingia Nyumbani Kwangu Bila Hodi

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule anayosoma binti yangu.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Yah: Malalamiko juu ya herufi s

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kulea watoto wa watu. Mimi ni yule kinyozi wa kibanda cha kona, mkabala na duka la vifaa vya umeme, ambaye ukipita huwa unanisalimia kwa kuinua mwavuli. Ni baba wa yule binti ambaye nyumbani tunamwita Redio, kwa sababu akishika maandishi yoyote, hata karatasi ya dawa ya panya, lazima ayasome kwa sauti. Siandiki kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo nina uchungu tu, na uchungu una mwandiko mzuri zaidi.

Kama ujuavyo, Ijumaa mnafunga shule, na binti yangu alichaguliwa kusoma hotuba ya Kiingereza mbele ya wazazi. Hotuba aliiandika mwenyewe, kuhusu nyumba yetu. Alijizoeza mbele ya kioo changu cha kazini, mbele ya wateja ambao nilikuwa nimewashika vichwa na hawana pa kukimbilia. Sentensi ya kwanza ilikuwa inasema kwamba watu wote nyumbani kwetu wanampenda. Kwa Kiingereza akaandika: "Everybody in our house love me." Mwalimu wake wa Kiingereza akachukua kalamu nyekundu, akachomeka s mwishoni mwa "love", akasema "everybody" ni neno la umoja, linahesabiwa kama mtu mmoja.

Binti akaniletea. Nikamwambia asiongeze kitu. Mwalimu akasema asipoongeza hasomi. Nikamwambia binti simama hapo hapo, baba yako yupo. Basi amesimama hapo hapo, na hotuba amenyang'anywa. Ndiyo maana naleta malalamiko yangu kwako, kwa utaratibu, kama ifuatavyo:

1. Nyumba yangu si ya mtu mmoja. Nipo mimi, yupo mke wangu, yupo mama mkwe, yupo dada yangu aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi, yupo shemeji yangu anayesubiri kazi imtafute, kisha Redio na wadogo zake pacha. Bafu ni moja. Mwalimu huyo aje alfajiri asimame kwenye korido yetu aione ile foleni, taulo begani, mswaki mdomoni, kila aliye nje akimkumbusha aliye ndani kwamba maji si yake peke yake. Kama hao wote ni mtu mmoja, naomba nielezwe huyo mtu anamgongea nani mlango.

2. Herufi yenyewe. Mimi nilisoma kidogo, lakini hicho kidogo nilikishika. Nilifundishwa kwamba Waingereza kitabu chao kikiwa kimoja hakina s, vikiwa vingi vinapewa. Nikaridhika, nikajua s ni posho ya wingi. Leo naambiwa kwenye kitendo mambo yamepinduka: mmoja ndiye anayepewa s, wengi wanatoka mikono mitupu. Mwalimu Mkuu, kibandani kwangu mkasi ni mkasi, haugeuki kitana kwa kuhamishiwa meza nyingine. Utaratibu wa kuwanyima wengi ili mmoja arundikiwe tunaujua sana sisi wananchi. Sikutegemea kuukuta hadi kwenye sarufi.

3. Yuko mwingine anaitwa "nobody", yaani hakuna mtu. Mwalimu anasema naye ni wa umoja, naye anapata s yake kamili bila kuulizwa kitambulisho. Sasa mtu asiyekuwepo anahesabiwa mmoja, na watu wangu waliopo, wanaokula na kukoroma, nao kwa ujumla wao wanahesabiwa mmoja. Huku si kutudharau? Mimi huyo Hakuna Mtu namfahamu vizuri. Ndiye aliyesahau pasi juu ya suruali yangu ya kutokea. Ndiye anayemaliza sukari na kurudisha kopo kabatini likiwa tupu. Chupa ya chai ilipovunjika niliuliza nyumba nzima, nikaambiwa ni yeye. Ikiwa Kiingereza kinamtambua kama mtu kamili, basi shule inisaidie kumpata, ana mengi ya kujibu.

4. Hili ndilo limevuruga amani. Nilikosea nikaeleza wakati wa chakula kwamba, kwa mujibu wa mwalimu, anayempenda Redio humu ndani ni mtu mmoja. Nilitaka wacheke. Hawakucheka. Walianza kuulizana ni nani.

Mke wangu alisema hapo pana haja gani ya kuuliza, kwani mimba aliibeba jirani? Mama mkwe akasema kubeba tumebeba wote, lakini anayemsuka mtoto bila kumliza ni yeye. Dada yangu, ambaye na mama mkwe hawasalimiani tangu ile kesi ya ndoo, akasema yeye alimnunulia mtoto viatu vya shule na wala hakutangaza, na kwa kusema hivyo akawa ametangaza. Shemeji akataja hisabati anazomfundisha mtoto. Hata wale pacha walidai. Mimi nikatulia kama mwenye nyumba, nikisubiri wanitaje. Hawakunitaja.

Tangu hapo wanashindana. Sare ya mtoto inapigwa pasi na huyu, ikipoa inapigwa na yule, sasa inang'aa kama bati jipya. Nywele zimesukwa kwenda nyuma, zikafumuliwa, zikasukwa kwenda pembeni. Shemeji amemfundisha hisabati ambazo bado hamjazifikia huko shuleni. Mtoto amechoka kupendwa. Haya yote yameletwa na s moja, Mwalimu Mkuu, na sijui mngetuletea alfabeti nzima ingekuwaje.

5. Kwa ajili ya haki lazima nilitaje na hili, ingawa halinisaidii. Mama mkwe ameleta hoja kwamba hata sisi husema kila mtu anakula, hatusemi kila mtu wanakula. Nilimjibu kwa adabu, maana mkwe ni mkwe, kwamba sisi tukisema kila mtu tunawapitia mmoja mmoja moyoni, kwa majina yao, asirukwe hata mtoto wa mgongoni. Waingereza wao wanawafunga watu kamba moja kama mzigo wa kuni. Mama mkwe aliniangalia akasema, haya baba. Ile "haya baba" yake naijua, haina maana kwamba amekubali.

6. Naomba ieleweke kwamba sijalipiza kisasi. Mwalimu wa Kiingereza ni mteja wangu. Jumamosi alikuja kama kawaida, nikamfunga shuka, nikampaka povu, na wembe ukiwa shingoni kwake nikamwuliza kwa upole kama bado ana msimamo ule ule. Alifumba macho akasema kanuni ni kanuni. Nikamnyoa kwa haki, kidevu kikabaki laini kama sahani. Nilichelewa kidogo tu kumfungua shuka, ili asikilize hoja yangu ya pili mpaka mwisho. Kisha nikauliza kwa sauti ni nani anafuata, na benchi zima likasimama. Nikamwambia hao ndio "everybody", Mwalimu, chagua s yako uipeleke kwa nani. Akaondoka bila kujipaka spiriti.

Kwa hiyo naomba binti yangu arudishiwe hotuba yake, na sentensi ibaki kama alivyoiandika yeye mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeishi humu na anajua tuko wangapi.

Shule ikikataa, basi naomba kanuni hiyo ifuatwe bila upendeleo. Kwa kuwa kila mzazi amealikwa Ijumaa, na kila mzazi ni mmoja, andaeni kiti kimoja na soda moja, sisi tutajua wenyewe tutakavyopakatana. Mtoto mmoja akifaulu mtihani, wote wawe wamefaulu. Mmoja akichelewa kengele, shule nzima ipige magoti, walimu wakiwemo, na wewe Mwalimu Mkuu utangulie kwa kuwa ndiye mkubwa. Mvua ikinyesha siku hiyo tukalowa, tuleteeni taulo moja. Nadhani unaona tunakoelekea, na mimi sipendi tufike huko.

Nisalimie walimu wote. Msalimie mlinzi wa geti, na yule mama anayepiga kengele, na mwambie yule mwalimu wa Kiingereza kwamba kiti chake kwangu kipo palepale, sina kinyongo, wembe ni mpya. Watu wa nyumbani wote wanakusalimu, yaani si kwa pamoja, kila mmoja ana salamu zake.

Ndimi mzazi mwenzako katika kumtetea mtoto,
Kinyozi wa kona, baba yake Redio

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuandika bahasha nikaona ni vyema watu wa nyumbani waisikie barua kabla haijatoka, pengine waweke na sahihi zao. Tulikuwa sebuleni, chakula kimeondolewa. Redio akaomba aisome yeye, nikampa, nani amnyime Redio kusoma? Akaanza kwa ile sauti yake ya hotuba. Wakacheka pale penye bafu la asubuhi ambapo nilitaka wacheke, lakini alishaipita sehemu ya kunyang'anywa hotuba kwa kuiruka, nikamwambia arudi asome kila kitu. Akarudi. Alipofika hapo akaacha kusoma. Akaiweka barua mezani.

"Baba, mimi sikutaka kusimama hapo hapo. Nilitaka kusoma."

Nikageuka kutafuta wa kunitetea. Nikamwuliza mke wangu anaonaje. Akasema aongeze hiyo s, asome. Nikamwuliza mama mkwe, nikijua hajawahi kukubaliana na binti yake mbele yangu. Aongeze, asome. Nikamgeukia dada yangu, damu yangu, ambaye mama mkwe akisema ni mchana yeye huwasha taa. Akasema kaka, aongeze, asome. Shemeji alisema hivyo hivyo bila kuinua kichwa, na pacha wakasema kabla sijawauliza. Nyumba hii haijawahi kupatana hata juu ya dirisha lipi lifunguliwe. Nilikuwa nimewapitia mmoja mmoja nikitafuta hata mtu mmoja wa upande wangu, nikakosa, nikabaki mimi tu. Nikajiuliza na mimi. Jibu langu likawa lile lile.

Basi barua hii ichane. Mwalimu wa Kiingereza yuko sahihi, nami Jumamosi nitamwambia mwenyewe. S ameiongeza Redio kwa mkono wake, kwenye nakala iliyobaki daftarini mwake, tukimwangalia. Nakuomba sana umrudishie hotuba yake. Na kama nafasi ameshapewa mtoto mwingine, tafadhali usimwambie yeye. Niambie mimi, nitamweleza mwenyewe aliyemkosesha ni nani, na huyo kwa kweli ni mtu mmoja.