Baba Yenu Hakuwemo Kwenye Mkataba

Ijumaa, saa kumi na moja jioni

Kwako Dada Mkubwa, msimamizi wa familia ya Fundi Saa,

Kuhusu: Ombi la kumchukua baba yenu, aliyesahaulika ndani ya gari mliloniuzia

Salamu kwanza, maana hata mwenye hasira hubisha hodi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi ni mzima, gari ni zima, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Utanikumbuka. Mimi ndiye yule mwalimu wa hesabu niliyekuja kwenu wiki ishirini zilizopita kununua lile gari la zamani la mgongo wa kobe, lililokuwa limelala miaka minne chini ya turubai. Walimu wenzangu wana magari yanayowaamrisha wafunge mkanda. Mimi nilitaka gari ambalo nikilifungua naona kitu kinachozunguka, na kuelewa kwa nini kinazunguka. Mkataba uliuandika wewe kwa mkono wako, nami leo nimeusoma tena mara tatu, kama ninavyosoma jibu la mwanafunzi aliyeketi karibu mno na mwenzake. Umeorodhesha gari moja, tairi tano, jeki moja na ufunguo mmoja wa akiba. Mzee hayumo. Hayumo kwenye orodha, hayumo kwenye masharti, hayumo hata nyuma ya karatasi. Hata hivyo ninaye, na kwa heshima zote naomba mje mumchukue.

Malalamiko nimeyapa namba, ili usije ukasema baadaye kwamba mengine hukuyaona.

1. Kuhusu kufika kwake. Jumamosi ya kwanza alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kigoda mkononi, akasema amekuja kunionyesha jeki inakoingia. Shughuli hiyo huchukua dakika moja. Aliondoka saa nane mchana. Nilipomuuliza kwa adabu kwa nini anaamsha watu alfajiri, alinijibu kwamba valvu za gari hili hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, haijawashwa tangu jana, na kwamba mtu anayelala hadi saa tatu apande basi. Valvu tulizipima siku hiyohiyo. Hatujazipima tena, lakini saa kumi na mbili na nusu imebaki palepale. Kigoda nacho hakikurudi kwenu. Niliwahi kukificha stoo. Mzee aliketi juu ya bampa akishusha pumzi moja baada ya nyingine, mpaka nikaenda kukitoa mwenyewe.

2. Kuhusu maji. Hili nalisema kwa uchungu. Jumamosi ya pili nilijiandaa kama mtu mwenye akili zake: nilinunua dumu la lita tano la maji safi ya kutia kwenye rejeta. Nikafungua mbele, nikakuta tairi la akiba. Nikafungua nyuma, nikakuta injini. Nikapapasa kila kifuniko, nikalala chini ya gari, nikaamka, nikachungulia tena. Baba yako alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, juu ya kigoda chake, akinitazama kwa upole mkubwa. Nusu saa nzima, dada. Nilipokaribia kumimina maji kwenye tundu la oili ndipo alipoinua mkono akasema, "Mwanangu, hili halinywi maji. Hili linapozwa na upepo." Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema hana tabia ya kumkatiza mtu aliye kazini.

3. Kuhusu siri. Magari mengine huja na kitabu. Hili limekuja na baba yako, naye hufunua ukurasa mmoja kwa wiki. Kwamba betri iko chini ya kiti cha nyuma nilijua Jumamosi ya tatu, baada ya kuitafuta siku sita. Kwamba maji ya kuoshea kioo husukumwa na upepo wa tairi la akiba nilijua ya tano, nikiwa nimeshagombana na fundi wa tairi aliyeapa kwamba halina pancha. Kwamba halina mshale wa mafuta, bali kijiti sakafuni cha kufungulia mafuta ya akiba, hilo nilijua siku moja baada ya kulisukuma hadi kituo cha mafuta. Aliyenisaidia kulisukuma ni mwalimu mkuu, akiwa ndani ya suti yake ya vikao. Nilipolalamika, Mzee alisema kuuliza si ujinga. Nitaulizaje, dada, kuhusu kitu nisichojua kwamba kipo?

Jumamosi kumi na tisa, siri kumi na tisa. Nilimwomba anipe zote zilizobaki kwa mkupuo mmoja, niziandike daftarini, kila mtu akapumzike. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema hata kwenye gia hatujafika.

4. Kuhusu nyumba yangu. Nilikuwa naishi peke yangu kwa amani kamili. Saa yangu ya ukutani ilisimama miaka mitatu iliyopita, saa nne na dakika kumi, nami nilikuwa nimeizoea hivyo. Nilikwenda dukani kununua sukari, niliporudi nikaikuta inatembea. Tangu hapo nafahamu kila ninapochelewa. Nilikuwa na kikombe kimoja, nimelazimika kununua cha pili. Mama yangu akipiga simu siku ya Jumamosi huniuliza haraka kama nimekula, kisha anasema, "Haya, mpe Mzee." Wanachozungumza sikijui, ila neno "mkaidi" nimelisikia zaidi ya mara moja, na mkaidi mwingine humu ndani hayupo.

Halafu kuna safari ya majaribio. Kwa kuwa mtoto wa jicho amemzuia kuendesha, Mzee huketi pembeni yangu, hufumba macho, na kwa kusikiliza tu hunitajia kila gia niliyoingiza vibaya. Majaribio haya hayana njia nyingine ila ile inayopita mbele ya kibanda chake cha zamani cha kutengeneza saa, ambacho siku hizi kinauza makava ya simu. Tukifika hapo huniambia nipunguze mwendo, injini ipate hewa. Injini hii hupata hewa ikizunguka kwa kasi, si ikitambaa. Alinifundisha mwenyewe, ni siri ya nane. Lakini napunguza. Moyo wangu huniuma kila tunapopita pale, na sikumbuki kutia saini popote kwamba niumwe moyo kila wiki.

5. Kuhusu hujuma. Hapa naomba uketi.

Tangu gari lilipofufuka, katika wiki ya sita, limekuwa likizima siku ya Ijumaa. Si Jumatatu, si Jumatano. Mimi ni mtu wa takwimu na daftari ninalo. Katika Ijumaa kumi na tatu limezima kumi na moja, na hizo mbili zilizobaki shule ilikuwa imefungwa, gari halikutoka. Jumamosi Mzee anakuja, anauliza limekufaje, ananituma jikoni nichemshe chai, na chai ikifika gari linanguruma. Nilikuwa namwona kama mganga.

Jumamosi iliyopita gesi iliniishia. Nikarudi mapema, mikono mitupu, nikamkuta ameinama kwenye injini na bisibisi yake ya saa, anakaza skrubu moja ndogo, ile inayoshika waya unaotoka kwenye koili, waya ambao ukiachia gari linazima. Skrubu moja tu, wala hakutumia hata dakika. Mchana, alipokuwa anaondoka, alibaki nyuma kidogo kuliaga gari, kama ilivyo kawaida yake. Marehemu mama yenu, naambiwa, alikuwa akiliita Mke Mwenza, kwa hiyo siku zote nilidhani ni mapenzi. Safari hii nilisimama dirishani. Baba yako aliilegeza ile skrubu nusu mzunguko. Akatafakari. Akaongeza robo. Kisha akahesabu kwa vidole, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na alipofika Ijumaa akafunika injini, akajipangusa mikono, akaenda zake.

Fundi wa saa, dada. Alikuwa akilitegesha gari langu kama saa ya kengele, lizime Ijumaa ili yeye aje Jumamosi.

Alipopinda kona nilitoka nikaikaza skrubu hiyo mwenyewe. Leo ni Ijumaa, na gari limenirudisha nyumbani bila hata kukohoa. Kwa mara ya kwanza kesho hana sababu ya kuja.

Sasa nikukumbushe maneno yako. Siku ya kutia saini ulinivuta pembeni ukaniambia, "Akikusumbua, niandikie hata mstari mmoja. Mwisho wa mwezi tutampeleka kwa kaka, akatulie huko." Kwa kaka ni safari ya siku mbili. Ulisema ulichokosa ni sababu tu, kwa kuwa Mzee hukataa kuondoka bila sababu. Nimekupa tano, zenye namba.

Kwa hiyo naomba haya. Kwanza, kuanzia kesho azuiwe mlangoni. Pili, kigoda kije kichukuliwe, kwa kuwa nakigonga kila nikipita. Tatu, siri zilizobaki niletewe kwa maandishi kabla hajasafirishwa. Sina chuki naye hata kidogo. Ni kwamba gari nimeshalielewa, na mtu akishaelewa hahitaji kukaliwa karibu.

Nisalimie shemeji, watoto, na jirani yenu aliyetusaidia kuvuta turubai akapata mafua ya vumbi. Kaka naye msalimie sana, na umwambie atandike kitanda cha mbali na mlango, maana Mzee huamka mapema.

Ni mimi niliyechoka kwa haki,

Mwalimu wa Hesabu
Mmiliki halali wa gari (moja, bila baba)

Nakala: Kaka yenu, kwa taarifa na utekelezaji.

Tanbihi: Leo ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Niliamka saa kumi na mbili nikaliwasha gari uani, nikaliacha lingurume, ili akifika asikie kwa masikio yake kwamba nimemshinda. Alifika. Niliiona kofia yake juu ya geti. Alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama anavyosikiliza saa, akasikiliza mpaka akaridhika. Kisha kofia ikageuka ikarudi ilikotoka. Nilitoka mbio bila viatu, lakini nilipofungua geti barabara ilikuwa tupu. Vikombe viwili viko mezani tangu alfajiri. Nimelia, dada, na hilo sikuliingiza kwenye daftari.

Barua hii ningeichana, ila yote niliyoyaandika ni kweli. Njia ni sahihi, jibu ndilo nimekosea, na mwanafunzi wangu ningempa walau alama za njia. Wewe usinipe chochote. Usimpeleke popote. Nakala ya kaka sijaituma na sitaituma.

Ile skrubu nimeifungua yote nikaitoa pamoja na waya wake, viko mfukoni mwangu. Barua naileta mwenyewe kwa miguu, kwa sababu gari, kama utakavyomweleza Mzee, limekufa kabisa na mwalimu ameshindwa. Habari za mfukoni usimwambie. Mwambie tu aje na bisibisi yake, na umkumbushe kwamba hata kwenye gia hatujafika.