Nyumba Yangu ya Nguzo Kumi na Saba

Baraka, tarehe 9 mwezi ya kumi, 2002

Kwa Papa Iddy, Prezida wa komite ya bale bantu nyumba zao ziliungua na vita

Mzee Prezida,

Kwa heshima yote, mi Fabien Asukulu, mwalimu wa histoire, ya mambo ya zamani, nakuletea malalamiko juu ya kikombe. Ni kikombe ya udongo, nyeupe, nilinunua Kazimia mbele ya vita. Iko na picha ya hekalu ya Bagiriki ba zamani: nguzo mbele, nguzo pembeni, ukuta hakuna, paa nusu imeanguka. Nakubali kwamba nilijua ni nini. Miaka kumi na mbili nimechora ile hekalu kwa tablo ya darasa, batoto banakopia.

Komite yako ilisema: juu makaratasi yote iliungua, kila muntu aonyeshe nguzo za nyumba yake zenye zilibaki zimesimama mu udongo. Nguzo moja, manjanja mbili, ile mabati ya kufunika paa. Ni sheria ya akili. Lakini kwangu haikubaki hata nguzo moja. Ndipo Bwana Roger, agent mwenye kugawa manjanja, akaniuliza kama niko hata na foto. Nikaingia mu hema, nikatoka na kikombe.

Malalamiko ni haya:

1. Kikombe ilimudanganya Bwana Roger, mi nimenyamaza tu. Alihesabu na kalamu ya bic: mbele sita, pembeni kumi na moja. Akaona maandishi ya Kigiriki chini, akauliza ni nini. Hapo tu ndipo nilisema neno: ni jina ya babu yangu. Nikapewa manjanja makumi tatu na ine. Halafu akaenda kwa Mama Saumu, mujane, mwenye ameshasimamisha kuta mupya za udongo lakini analala na batoto bane chini ya bâche, turubai ya plastiki. Hakuona nguzo ya zamani. Akaandika ziro.

2. Sasa kitongoji yote inanichukia. Jirani yangu Nuru alisimama njiani, akapiga makelele: "Ee mwalimu! Siku ya masasi ya bunduki sisi bote tulilala mu mihogo, na we pia tulikuwa nawe! Kumbe ulikuwa na nyumba ya nguzo kumi na saba? Ulikosa hata kona moja ya kutuweka?" Mama mukwe ametuma habari kutoka Kilembwe. Miaka yote alitaka kuja kutembea, nikamujibu nafasi hakuna. Sasa analia. Na bibi yangu wa ndoa Immaculée, mwenye alipika mu nyumba yetu ya vyumba viwili, hanisaidii. Ananiuliza mbele ya bantu: "Papa, kumbe jikoni ilikuwa upande gani?"

3. Komanda mumoja alishuka kutoka Fizi na baaskari, anatafuta nyumba ya nguzo afanye humo état-major, makao ya bakubwa ba jeshi. Nilimuonyesha majani matupu yenye imeota. Akauliza ukuta ilienda wapi. Nilijibu kwa heshima: benzako balibeba. Aliona haya, Mzee. Akaniomba musamaha! Tangu nizaliwe, ni mara ya kwanza muntu wa bunduki kuniomba musamaha, na ni juu ya nyumba yenye haikukuwa.

4. Hii ni nzito, na kikombe haina kosa. Nguzo za Mama Saumu hazikuungua. Wakati alikimbilia Kigoma, mi nilizing'oa moja moja, zikawa kuni za kuchemusha chai. Ile ziro yake ni mi niliiandika, mbele Bwana Roger hajafika. Na mvua imeanza.

Ninaomba nini? Kurudisha manjanja kwa komite siwezi. Karatasi iko na sahihi yako na muhuri. Nikisema nyumba haikukuwa, komite yote itaonekana ya bongo, ya uongo, na komanda atarudi kuchukua musamaha yake. Kwa hiyo muandike kwamba Mama Saumu alikuwa anakaa mu ile nyumba yangu, upande wa nguzo kumi na moja. Muandike na Nuru upande wa mbele, ataacha matusi. Mama mukwe, katikati. Hata Bagiriki benyewe bakikuja, batapata nafasi. Kisha mutangaze kwamba nyumba imeungua tena, mara ya pili, na mi nitasaini kama shahidi. Manjanja zitabaki kwa Mama Saumu, mwenye iko na kuta za kufunika, bila mwizi, bila muongo.

Nakuachia aibu yangu yote mikononi mwako. Unisalimie mama wa nyumba, bazee ba musikiti, bakristo ba komite, na Bwana Roger pia. Nuru umusalimie ukiwa mbali.

Mi mwenye kutubu,
Fabien Asukulu

P.S. Mzee, usisome kwanza barua hii mbele ya komite. Jana nilichoka kungojea jibu ya barua yenye sijatuma. Nilibeba manjanja zote kwa Mama Saumu, nikapanda, nikapigilia misumari. Habari ya nguzo zake nilimuambia nikiwa juu ya paa, kwa sababu chini niliogopa. Kisha akasema: "Shuka, mwalimu, utaanguka. Umenifunika, aksanti. Sasa mulango iko wapi?" Nasikia Bwana Roger anarudi siku ya kwanza ya juma na mbao za milango, anagawa kwa kuhesabu nafasi za kupita. Nimeangalia muzuri: kati ya nguzo na nguzo, Mzee, iko milango kumi na sita. Mama Saumu anahitaji moja tu. Kikombe nimeshaiosha.