Jaji wa Reflekta na Pijo ya Baba Ndanu

Kivuva wa Ruiru hakuwa na gari wala leseni, na baiskeli aliyokuwa nayo ilisharudi kwa mwenyewe. Lakini Jumapili hiyo alisimama kwenye geti la uwanja mmoja kule Thika, akaona magari ya zamani karibu mia moja yakimeta kama vyombo vya Krismasi, akahisi Mungu amemkumbuka.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya chama cha wenye magari ya zamani. Hawa watu wana desturi moja, na kwangu hiyo ni kutafuta shida na tochi mchana. Siku ya kushindania kikombe, kila gari inaachwa boneti juu, milango wazi, funguo ndani, ili majaji wakija wasikize injini. Mwenye gari anasimama kando na kitambaa, anangoja mtu mwenye kalamu.

"Kwani mimi nimekosa nini? Ni kalamu tu," Kivuva akajiambia.

Akatoka, akarudi na reflekta aliyoazima kwa mtu wa boda akisema anaenda mazishi, filimbi, na kipande cha katoni alichobania karatasi. Jameni, siku hizi mwizi habebi panga. Anavaa reflekta, anapiga filimbi, na wewe mwenyewe unamuuliza usimame wapi.

Alipita magari thelathini bila haraka. Hakuwa anatafuta gari nzuri, alikuwa anatafuta mwenye gari mwenye kiu ya sifa. Akampata.

Wambua, mzee wa Kamenu, alikuwa amepiga magoti akisugua matairi ya Pijo nyeupe kwa mswaki. Pijo hiyo aliachiwa na babake, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiyo ingempeleka binti yake Ndanu kanisani kuolewa. Miezi mitatu Wambua alikuwa ametangazia watu wa harusi kwamba bibi arusi atapanda gari yenye kikombe. Kikombe chenyewe hakuwa nacho.

"Mzee, hii ni yako?" Kivuva akauliza, akiizunguka pole pole kama daktari asiyetaka kutoa habari mbaya.

"Ni yangu, boss. Ya babangu."

"Mmh." Akaandika. "Mmmmh." Akaandika tena.

Wambua akaanza kutoka jasho. "Kuna shida?"

"Shida ni kwamba nimetafuta makosa nikakosa. Sitakuficha, mzee. Mmebaki wawili. Wewe na jamaa mmoja wa Membley, kule kwa wenye pesa."

"Membley!" Wambua akasema, kama mtu aliyekanyaga kitu na viatu vya kanisa.

"Imebaki kupimwa barabarani. Dakika kumi, narudi."

"Twende basi."

"Hapana, mzee. Sheria. Mwenye gari akiwa ndani, jaji anaona haya."

"Na yule wa Membley alikubali?"

"Huyo alinikaribisha kwa usukani kabla sijamaliza kusema."

Hapo kazi ilikuwa imeisha. Wambua akamfungulia mlango zaidi, hata akampangusia kiti.

Lakini mkewe, Nzilani, alikuwa ameketi kwenye kistuli na chupa ya chai, macho yakiwa kwa miguu ya jaji.

"Baba Ndanu," akasema, "jaji wa magari mbona ametembea kwa miguu mpaka vumbi imefika kwa magoti?"

"Mama Ndanu, aki usituharibie! Anapima gari, hapimwi yeye."

"Sawa. Wacha basi nitoe kiondo changu." Akaingia mbele, akainama chini ya kiti, akakaa huko kidogo, akatoka na kiondo. "Enda salama, jaji."

Kivuva akatoka getini. Askari wa geti akampigia saluti. Kule Ruiru kulikuwa na mtu wake anangoja na spana, mtu ambaye kufika jioni angekuwa amekata ile Pijo ikaingia kwa magunia. Kivuva akaanza kuimba, na hakumaliza ubeti. Kilomita mbili hazijaisha, Pijo ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza kando ya barabara.

Akawasha, ikakataa. Alikuwa ameweka mguu mmoja nje atoroke aliposikia honi. Magari matano ya zamani yalikuwa yanasimama, watu wa tawi la Ruiru, wamechelewa maonyesho. Kila moja ilikuwa na stika imeandikwa HATUACHANI BARABARANI, sawa na ile ya kwenye kioo cha Pijo.

"Niaje, member!" akaita Sele, mkubwa wa tawi, mikono ya shati tayari imekunjwa. "Usijali, tumefika."

"Niko sawa, buda. Endeni tu, mtachelewa."

"Tukuache? Sisi?" Sele akakasirika kweli. "Mwaka jana tulivuta mtu mpaka Mwea na alikuwa anatuomba tumwache! Fungua boneti."

Kivuva akavuta kitu. Waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu. Akavuta kingine. Kiti kikaanguka nyuma pamoja naye.

"Ni gari ya uncle," akasema akiwa amelala.

Wanaume tisa wakaingiza vichwa kwa injini. Huyu akasema ni plagi, yule akasema kabureta, mwingine akasema Pijo ni kama mama mkwe, haiharakishwi. Kulthum, mke wa Sele, akamletea Kivuva chai na chapati.

"Watu wangu, nimepigiwa simu," Kivuva akalia. "Nyanya amezidiwa. Lazima nitembee."

"Woi, pole! Basi hakuna kungoja. Uwanjani kuna makanika wa chama. Leteni kamba!"

Wakamfungia ndani kwa upendo, mikono kwa usukani, chapati mdomoni, wakamvuta kurudi Thika na honi tano zikilia.

Nzilani alikuwa amehamisha kistuli chake mpaka getini. Sele na wenzake walipokimbia kuita makanika, akainama dirishani.

"Jaji. Umerudi mapema."

"Mathe, hii gari yenu ina shida..."

"Haina shida. Chini ya kiti kuna koki ya kufunga petroli. Nilijiambia, akiwa jaji, atarudi kuuliza. Akiwa mwizi, hatafika mbali." Akatazama ile kamba. "Hao watu wamekuvuta kwa mapenzi. Nikiwaambia walikuwa wanamsaidia mwizi, hayo mapenzi yataishia wapi?"

Kivuva akatoa chapati mdomoni. "Nisamehe, mathe."

"Lete kitambulisho. Utakipata Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi uwe Kamenu, uoshe hii gari mpaka tumboni, kisha uoshe sufuria za harusi."

"Zote?"

"Wageni ni mia nne."

Wambua akafika anahema. "Jaji! Nimepata ngapi?"

Kivuva akamtazama Nzilani kwanza. "Mzee, gari ni safi. Imekosa kikombe kwa sababu imezima njiani."

Wambua akanywea. "Na ya Membley?"

"Hiyo ilizima hata kabla haijatoka getini."

Siku hiyo Wambua alirudi nyumbani na furaha kuliko waliopata kikombe.

Jumamosi Kivuva alikuja. Aliosha gari, akaosha sufuria mpaka masizi yakafika kwa viwiko, akarudishiwa kitambulisho chini ya sahani ya pilau. Ndanu akapanda na shela yake, Wambua akazungusha ufunguo. Pijo ikakataa. Ndanu akaanza kulia.

"Ngojeni," akasema Nzilani kutoka kiti cha mbele. "Nimeangusha kiondo." Akainama, akainuka. "Jaribu sasa."

Ikawaka.

Ile koki Nzilani aliwekewa na fundi miaka minne iliyopita, huifunga kila usiku, na hajawahi kumwambia mumewe. Mtu anayependa sifa hawezi kuweka siri ya gari, kila anayemsifu atapewa. Wambua mpaka leo anaelezea watu kwamba Pijo yake ina akili, haitoki bila kiondo cha mama Ndanu.