Kesi ya Sungura Asiye na Suruali

Redio alilikunjua gazeti la juzi, akakohoa mara mbili, akasoma habari ambayo utingo wa basi la Morogoro alikuwa amemsimulia muda si mrefu.

"Serikali inasema! Mtihani ni mwezi wa nane. Kila mtu mzima ajue kusoma. Vitabu vya kisomo vikichelewa, watu wasome hata vya watoto, vile vya picha!"

Jina lake hasa lilikuwa Isihaka. Hilo la Redio alilipata hapo hapo Mlandizi, kwenye benchi la kahawa la Kibwana, ambako aliwasomea watu gazeti miaka saba bila kujua herufi hata moja. Alichojua ni kutazama picha na kusimulia. Siku moja aliona gazetini picha ya mbuzi kando ya lori, akasoma kwamba mbuzi wote wapakwe chokaa kwenye pembe, madereva wawaone. Mpaka leo, jioni ikiingia, utadhani Mlandizi pembe zinatembea zenyewe.

"Vya watoto?" aliruka Maneno, aliyeitwa Azimio kwa sababu hakuweza kuagiza hata kahawa bila kutaja unyonyaji. "Basi ninacho! Nimemkamata nacho mjukuu wangu."

Akachomoa kwenye kanzu kitabu chembamba, jalada limekwisha kwa vidole.

"Hiki hiki walikisoma wanangu. Zamani sikukitazama kwa macho ya chama. Leo tazameni! Sungura mzima, shati kavaa, chini hana kitu!"

Kibwana akainama na dele lake la kahawa. "Na tai anayo. Tai anayo, suruali hana."

"Naizi huyo, bwana mkubwa wa ofisini! Ndivyo walivyo. Juu ofisi, chini aibu tupu. Redio, hebu tusomee."

Kitabu hiki hakuna utingo aliyemsimulia Redio. Lakini picha si zilikuwepo? Akafungua.

"Hapo kale palikuwa na sungura mvivu. Ana chungu kikubwa. Akawaambia wanyama, leteni kuni, mimi nitasimamia."

"Kusimamia!" Azimio akapiga paja. "Nilijua. Endelea."

"Tembo akateka maji mto Ruvu, akaja nayo kwa mguu, pua imevimba."

"Ngoja," alisema Kibwana. "Kitabu kimetaja Ruvu?"

"Kwa herufi ndogo."

"Na huyu simba ana kikombe cha nini?"

"Anasubiri supu."

"Supu ya nini?"

Redio akafunua mbele, akarudi nyuma.

"Ukurasa huu mbuzi yumo," alisema taratibu. "Huu wa pili, hayumo."

Kibwana akaweka vikombe chini. "Innalillahi."

"Wamemla?" Azimio alisimama.

"Kitabu kimenyamaza."

"Kimenyamaza maana kinajua! Hakupakwa chokaa huyo. Angepakwa, nani angethubutu? Watoto wanasomeshwa haya, halafu tunashangaa wakikua wanataka umeneja! Ndugu zangu, napendekeza barua. Tumshitaki sungura kwa Mwalimu Stellamaris, yeye ndiye mwenye vitabu pale shuleni. Redio, andika."

Redio akajipapasa mifuko, hata ule uliotoboka. "Miwani nimeisahau."

"Si umesoma sasa hivi bila miwani?"

"Ya kusomea sihitaji. Ya kuandikia ndiyo imebaki nyumbani."

Hapo akatokea mkewe, Mwanne, na sinia la kashata kichwani.

"Shikamoo, Mzee Azimio. Mbona makelele yanasikika mpaka Ruvu?"

"Marahaba, mwanangu. Tuna kesi ya mauaji, mwandishi hatuna."

"Nipeni karatasi."

Redio akacheka peke yake. "Mama Mwanamvua, tangu lini unaandika?"

"Huu mwezi wa tano tangu nianze, Baba Mwanamvua."

"Si ulisema unakwenda kwa jirani Laurensia kusuka ukili wa mikeka?"

"Ukili unasukwa darasani kwa Mwalimu Stellamaris, saa tisa. Nikikosea utanisahihisha, si wewe msomaji?"

Kwanza akataka kitabu. Akafunua ukurasa mmoja mmoja, kidole kinatembea, midomo inacheza. Redio akaona mambo yamekwisha. Miaka saba ya kupewa kikombe cha kwanza, miaka saba ya kupishwa kwenye benchi, yote ilikuwa chini ya kidole kile. Mwanne alipofika mwisho akamtazama mumewe kama mtu aonjaye wali uliobaki kiini.

Alikaa, akaandika.

Azimio aliitoa hotuba mpaka povu likamkauka: unyonyaji, mbuzi, suruali, tembo kunyimwa mkokoteni. Mwanne akaandika mistari minne.

"Mbona fupi?"

"Nimebana herufi. Haya, Baba Mwanamvua, wasomee wenzio."

Redio akaishika karatasi kwa mikono miwili. Akasoma unyonyaji wote, mbuzi wote, na suruali akaiongezea mfuko wa nyuma.

"Neno kwa neno!" alisifu Azimio.

"Kama ilivyoandikwa," alisema Mwanne, pindo la kanga mdomoni. "Sasa tieni madole."

Wakachovya vidole gumba kwenye masizi ya dele. Azimio akatia, Kibwana akatia.

"Nawe."

"Mimi msomaji, nitie dole?"

"Tia, mume wangu. Mfanane."

Saa tisa watatu hao wakaongozana shuleni, Redio mbele na barua. Mwalimu Stellamaris, binti mwenye umri wa watoto wao, aliwaamkia kwa heshima, akaisoma kimya, akajishika ubavu, kisha akaisoma kwa sauti.

"'Mwalimu, huyu mume wangu Isihaka hajui kusoma, ila kusimulia anaweza. Wenzake nao hawajui. Nakuomba uwapokee leo. Wamekubali wenyewe, madole yao haya hapa.'"

Nyuma ya darasa Mwanne alikuwa ameinamia daftari, mabega yanamtikisika.

Azimio akageuka polepole. "Redio. Na mbuzi wetu wale wa chokaa?"

"Tangu tuwapake, Azimio, amegongwa hata mmoja?"

Azimio akahesabu mbuzi wake kwa vidole, akamaliza mkono wa kwanza, akaacha. "Hapana."

"Basi."

"Na sungura?" aliuliza Kibwana.

Mwalimu akakichukua kitabu. "Sungura anawachemshia wenzake maji ya kunywa, wasiharishe."

"Mwalimu, mbuzi je? Tuambie ukweli, tumejiandaa."

"Alikwenda kuwaita wengine. Huyu hapa, ukurasa wa mwisho."

"Alhamdulillahi!" Kibwana alikaa benchi la mbele bila kukaribishwa. Wenzake wakambana huku na huku.

Kesho yake asubuhi Redio alifika kijiweni kichwa chini. Kikombe cha kwanza kilikuwa kinamngoja pale pale pake.

"Haya, soma," alisema Azimio.

"Nina herufi moja tu. Tumefika a."

"Soma hiyo hiyo."

Redio akalikunjua gazeti, akakohoa mara mbili, akatembeza kidole. "A. A nyingine hii. Hii hapa, a."

Kibwana akamsogelea kuhakikisha. "Kweli, ni a. Na habari inasemaje?"

Redio akatazama barabara ya Morogoro, kote kweupe.

"Habari bado," alisema. "Basi limechelewa."