Kiraka cha Mstari Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yaliharibika jana, lakini naandika leo. Jana kalamu haikushikika kwa hasira.

Mama mkwe alikuja kula chakula cha mchana. Hata mikono hajamaliza kunawa, akaanza kumsifu mwanawe, yaani shemeji yangu, mwalimu wa kompyuta. Eti ana viraka saba vilivyokubaliwa kwenye mradi wa Baridi. Saba! Mama mkwe hajui kiraka cha programu ni nini, mwanzoni alidhani ni viraka vya suruali. Ila saba anaijua.

Nieleze kidogo, isije shajara hii ikasomwa nikishakuwa maarufu. Baridi ni programu huria. Yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake na kutuma marekebisho, na marekebisho hayo ndiyo viraka. Inakaa kwenye kompyuta ndogo kando ya friji, inapima joto, joto likipanda inalia. Zahanati anakofanya kazi mke wangu inaitumia kulinda chanjo za watoto. Ina ugonjwa mmoja: inavuja kumbukumbu. Inaazima nafasi kwenye mashine, hairudishi. Kama yule jirani yetu na sahani. Baada ya siku kadhaa mashine haina tena nafasi, programu inazimika kimya kimya, na mke wangu anakwenda kuiwasha upya. Hata siku yake ya mapumziko.

Nikamwambia mama mkwe kwamba ugonjwa huo naushughulikia mimi. Toleo jipya linatoka Jumamosi na jina langu litakuwemo. Mke wangu akanitazama, akaendelea kupakua chakula. Mama mkwe akasema vizuri sana, Jumapili atakuja alione kwa macho yake.

Sijawahi kutuma kiraka hata kimoja. Mimi ni fundi wa printa chuoni. Lugha ya C, ambayo Baridi imeandikwa kwayo, nilisoma muhula mmoja, na alama niliyopata haitaandikwa hapa.

Siku tano. Zinatosha!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Rahisi mno, nashangaa wataalamu wote hao walikuwa wapi.

Katika C kuna amri ya kurudisha nafasi iliyoazimwa. Inaitwa free. Kama programu hairudishi, si nilazimishe irudishe? Nimeiweka free mwisho wa kila kazi, kwenye mafaili yote. Mia moja na kumi na mbili. Chuoni printa tatu zimenisubiri, na katibu wa mkuu amekuja mara mbili kuuliza habari zake. Nimemwambia nina shughuli ya kimataifa.

Saa nane nimetuma. Kichwa cha barua: “Kuvuja kumekwisha kabisa.”

Saa kumi limekuja jibu kutoka kwa mhakiki wa mradi. Anajiita Chujio. Hakuna anayemjua kwa sura, lakini kila kiraka lazima kipite kwake. Ameandika hivi: “Asante kwa kiraka. Nimekijaribu. Ni kweli programu haivuji tena, kwa sababu haiwaki.”

Kumbe nilikuwa narudisha hata vitu ambavyo programu bado inavitumia, na vingine navirudisha mara mbili. Ni sawa na kumnyang'anya mtu kijiko kikiwa mdomoni. Mwishoni ameuliza maswali matatu. Ni mstari gani unaovuja? Nimejuaje? Nimepima?

Maswali mengi kwa mtu anayepewa msaada bure.

Jumatano, 5 Machi

Usiku nimewaza. Kumbe tatizo si ubora, ni idadi. Shemeji ana saba, mimi nikiwa na kumi na nne nani atauliza vinahusu nini?

Nimetuma viraka kumi na vinne. Kimoja kinaondoa nafasi tupu mwisho wa mstari. Cha pili kinairudisha, maana nimeona panapendeza zaidi ikiwapo. Vingine sivikumbuki.

Chujio amejibu kila kimoja. Kumi na nne, neno kwa neno: “Kiraka kimoja, sababu moja. Hapa sioni hata moja.” Mtu huyu hana kazi? Hana familia?

Hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni la shemeji. Ameandika kwenye jukwaa lile lile la barua za mradi, mbele ya dunia nzima: “Shemeji, pole na kazi. Ukikwama niite, nipo.” Kwa adabu! Huyo kijana ananiandama kwa adabu tangu siku ya posa.

Sikumjibu. Nguo ya kuazima haisitiri.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ndefu. Niiandike kwa mpangilio.

Asubuhi nimefungua anwani mpya ya barua pepe kwa jina la Mtaalamu Mstaafu. Nikiwa Mtaalamu nimeandika kwamba kwa miaka thelathini ya kazi sijaona kijana mwenye kipaji kama huyu mwenye free mia moja na kumi na mbili, na kwamba mradi usipomshika mapema utakuja kujuta. Barua nzuri. Nilikaribia kuiamini.

Chujio amejibu baada ya dakika ishirini: “Karibu, Mtaalamu Mstaafu. Naona wewe na kijana mnatumia chumba kimoja. Tafadhali mkumbushe kwamba bado nangoja majibu ya Jumanne.”

Nimeangalia. Kompyuta ya chuo hubandika yenyewe chini ya kila barua: Karakana ya Printa, Chumba Namba Sita. Aibu! Nimefunga mlango wa karakana nikakaa kwenye boksi la karatasi mpaka saa sita.

Jioni mke wangu amerudi kutoka zamu, hakuvua hata viatu. Amekaa kwenye kiti cha mlangoni. Nikajua kuna jambo.

Programu ilizimika jana, hakuna aliyeona. Asubuhi alipofungua chumba cha chanjo kioo cha kompyuta kilikuwa kimeganda kwenye nyuzijoto nne. Akachukua kipimajoto cha mkono, kikasoma saba na nusu. Ikivuka nane chanjo zinatupwa. Mlango wa friji ulikuwa haujashika vizuri, na kilichopaswa kulia hakikulia. Kina mama wameshakaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, zaidi ya sitini. Amesema kama angechelewa nusu saa tu, angesimama mbele yao awaambie warudi nyumbani, na baadhi yao wametembea tangu alfajiri.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Kisha akatoa daftari kwenye mkoba, akaniwekea mezani. Kumbe wiki tatu zote amekuwa akiandika: tarehe, saa programu ilipozimika, mlango ulifunguliwa mara ngapi. Amepiga mistari kwa rula. Siku za kliniki ya watoto mlango unafunguliwa mara mia na zaidi, na kesho yake programu imekufa. Ile wiki ya sikukuu, zahanati ikiwa kimya, imekaa siku tisa.

“Baba Pacha,” akasema, “kila mlango ukifunguliwa, hiki kitu kinakula kidogo. Angalia hapo kwenye mlango.”

Nimemwambia kwamba C si sindano, na muuguzi hawezi kumfundisha fundi. Akasema haya, akaenda kuwaogesha pacha wetu.

Nimesubiri nisikie maji yanamwagika. Halafu nimefungua faili la mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeuona!

Nikuambie, shajara, maana sina mwingine wa kumwambia. Mlango ukifunguliwa, programu inaazima nafasi ya kuandika onyo. Ukikaa wazi, onyo linatumwa na nafasi inarudishwa. Safi. Lakini mlango ukifungwa kabla onyo halijatumwa, programu inasema basi, hakuna tena haja, inaondoka zake. Nafasi inabaki imeazimwa. Milele. Muuguzi anafungua, anatoa chupa, anafunga haraka kama alivyofundishwa, na kila akifanya kazi yake vizuri ndivyo programu inavyozidi kuvuja.

Dawa yake ni mstari mmoja. Free moja, pale pale kabla ya kuondoka.

Nimetengeneza mlango wa uongo kwenye kompyuta yangu, nikaufungua na kuufunga mara elfu kumi. Kabla ya kiraka, namba ya kumbukumbu inapanda kama maziwa jikoni. Baada ya kiraka imesimama. Nimerudia. Imesimama! Katibu wa mkuu aliingia kuuliza printa, nikamwonyesha namba. Akasema haioni ikifanya chochote. Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Saa tano nimetuma. Nimeandika: “Baada ya utafiti wangu binafsi wa muda mrefu.”

Chujio: “Hiki ndicho. Hongera. Swali: umejuaje kwamba ni mlango? Kama kuna vipimo vya mahali halisi, vitume. Toleo ni kesho na siwezi kuingiza kitu kwa kuamini tu.”

Nimejaribu kuandika vipimo vyangu vya kubuni. Nikafika siku ya tatu nikakwama. Namba za kweli zina tabia yake, hazilingani vizuri kama zangu.

Ikabidi nimpigie mke wangu simu zahanati, nimwombe ruhusa ya kulipiga picha daftari. Akauliza la nini. Nikasema la kisayansi. Akasema sawa, ila nianze na ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza una jina lake kamili, cheo chake, na maneno haya kwa wino mwekundu: Usiondolewe.

Nimetuma. Kiraka kimerudi mara tatu. Mara ya kwanza mstari ulikuwa umeingia ndani kupita kiasi. Mara ya pili kichwa cha barua kilikuwa kirefu. Mara ya tatu ameniambia niondoe maneno “utafiti wangu binafsi wa muda mrefu”, kwa sababu mwenye utafiti ameandika jina lake mwenyewe, tena kwa hati nzuri.

Nimeyaondoa. Yameniuma kuliko jino.

Jumamosi, 8 Machi

Kimekubaliwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Toleo limetoka saa tisa. Nimewabeba pacha mabegani, mmoja huku mmoja kule, tukazunguka uwanja. Mke wangu amekwenda zahanati na toleo jipya mkononi, amelipachika mwenyewe. Nilimwandikia hatua kumi na moja kwenye karatasi. Alitumia nne.

Taarifa ya toleo sijaisoma. Naitunza kwa ajili ya kesho, niisome mbele ya mama mkwe.

Jumapili, 9 Machi

Heri ningeisoma jana.

Mama mkwe amefika na miwani yake. Shemeji naye yupo. Nimewakalisha, nimefungua kompyuta, nimekohoa, nimeanza kwa sauti ya mtangazaji: “Shukrani za pekee kwa muuguzi...” Hapo likafuata jina la mke wangu. Kamili, pamoja na jina la baba yake marehemu, ambaye ni mume wa mama mkwe. “...ambaye kwa wiki tatu za vipimo makini amesaidia kumaliza uvujaji uliotusumbua kwa miaka miwili.”

Vigelegele! Mama mkwe amesimama, amecheza, ameketi, amelia. Akaniagiza nirudie. Nimerudia mara nne. Mke wangu ameziba uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, sijui ni kicheko au machozi.

Halafu mama mkwe akauliza, na wewe mkwe wangu uko wapi? Nikashuka chini. Nikashuka tena. Orodha ya waliochangia ni ndefu. Nikamwonyesha. Akasogeza miwani, akasogeza uso, akasema kwa upole kwamba herufi za siku hizi zimekuwa ndogo sana.

Shemeji akanipa mkono wakati wa kuondoka. Akasema viraka vyake vyote saba vilikuwa vya kurekebisha tahajia kwenye maelezo, na mstari wangu mmoja unashinda vyote. Anasema kweli, au ananicheka? Uso wake hauonyeshi. Nimemshika mkono kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya kumi na moja Baridi inafanya kazi bila kuzimika. Kliniki tatu za watoto zimepita. Mke wangu amelala mchana wote wa mapumziko yake, nimewazuia pacha wasiingie. Alipoamka ameniambia, “Baba Pacha, mkono wako umefanya kazi.” Basi.

Nimekaa na maneno hayo, matamu kweli. Kama dakika tano hivi.

Ndipo ikaja barua. Mradi unamwomba mke wangu awe mpimaji wao rasmi. Mimi sikuombwa chochote. Nimewaza, nimetembea, nimetengeneza printa moja. Nimegundua kosa langu liko wapi. Nimekuwa upande usiofaa wa meza! Anayetuma kiraka anatoka jasho, anayehakiki anauliza maswali tu. Na kanuni za mradi zinasema yeyote anaruhusiwa kuhakiki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeanza kazi ya uhakiki saa mbili asubuhi. Kiraka cha kwanza nimekiuliza maswali tisa. Mwandishi wake ameuliza kama nimekisoma. Huyo nimemwacha, ana kiburi.

Kiraka cha pili kimetoka kwa mgeni kabisa. Mafaili arobaini, mistari elfu mbili. Ameanza hivi: “Shikamoo mheshimiwa mhakiki, nimesikia sifa zako.” Nimesoma sentensi hiyo mara tatu. Ya msimbo sijaifikia, lakini nimeshaandika chini kwamba nimekipitia chote na nakiafiki. Mtu mwenye adabu namna ile hawezi kuvujisha.