Wakili wa Benchi na Meza Yangu Inayoyumba

Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Mawakili.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUMSIMAMISHA WAKILI KABLA YA ALHAMISI IJAYO

Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wajumbe wako wote. Mimi si mzima sana. Sina homa wala shinikizo la damu, ila nina jirani.

Nina miaka thelathini na minne katika kazi ya uwakili. Kwenye korido za mahakama wananiita Bwana Tarehe, kwa sababu hakuna wakili aliyewahi kusimama mbele ya hakimu akaomba kesi ipangiwe tarehe nyingine kwa adabu kama yangu. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Nimelitolea jasho, na nilitaraji kustaafu nalo kwa amani.

Ninayemlalamikia ni wakili mwanamke ambaye ofisi yake inatazamana na yangu, ghorofa ya pili, mlango wa rangi ya kijani. Watu wanamwita Wakili wa Benchi, na sababu utaiona hapo chini. Kabla hajawa wakili alikuwa mpiga chapa wangu kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo ninaposema kwamba ni hatari kwa taaluma yetu, nasema kwa kumfahamu wala si kwa chuki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anawahi. Mahakama yetu imeandika mlangoni kwamba shughuli zinaanza saa tatu asubuhi, na sisi wakongwe tumekuwa tukiliheshimu bango hilo kwa kutoligusa. Tulikuwa tukifika saa nne na nusu, tunasalimiana, tunauliziana habari za nyumbani, na hakimu naye alikuwa akijitokeza taratibu. Huyu dada anafika saa mbili na nusu na mafaili yake kifuani. Hakimu alimvumilia wiki mbili, kisha akaanza naye kufika saa tatu. Sasa wote tunapanda ngazi mbio, watu wazima na majoho yetu, na mwenzangu mmoja ameshateguka kifundo cha mguu.

2. Benchi. Kila Jumatano anatoa benchi ofisini kwake, analiweka koridoni, na watu wanapanga foleni na karatasi zao za mahakama. Anawasomea na kuwaeleza maana yake bila malipo. Ndugu Mwenyekiti, niliona kwa macho yangu mzee mmoja aliyepata karatasi ya wito. Alishawaaga wajukuu akijua anakwenda kufungwa. Wakili wa Benchi akaisoma, akamwambia kwamba anaitwa kutoa ushahidi wa ng'ombe wa jirani, aende aseme alichokiona, arudi nyumbani kula. Ilichukua dakika nne! Mimi ningemwambia hayo hayo, ila kwa mpangilio, baada ya kuja kuniona mara tatu, na angeyathamini zaidi. Yule mzee aliondoka anacheka. Mtu akitoka kwa wakili anacheka, taaluma imekwisha.

3. Lugha. Nyaraka zake zinaeleweka. Nimezisoma kwa makini nikitafuta mahali pa kukwama, sikupaona. Anaandika kwamba mtu fulani alifunga mlango siku fulani na hana haki ya kuufunga. Basi. Mimi ningeandika kwamba "mdaiwa aliyetajwa hapo juu, kwa namna na wakati utakaobainishwa hapo chini, alisababisha hali ya kutofunguka." Wateja wangu walikuwa wakisikia sentensi hiyo wanainamisha vichwa kwa heshima. Wateja wake wanatikisa vichwa kwa kukubali, na mteja anayekubali jambo ameshalielewa, na akishalielewa ataanza kuuliza maswali.

4. Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo donda lilipo. Yupo mama mshonaji, mjane. Yeye na marehemu mumewe walijenga chumba cha kushonea chenye cherehani nne. Mume alipofariki, shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikwenda siku ya tatu ya msiba akatia kufuli mlangoni, akasema chumba ni cha ukoo. Mama alikuja kwangu. Nilimpokea vizuri, nikampa kiti, nikafungua kesi. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Kwa miaka tisa mama huyu anashona kwenye baraza ya nyumba ya watu kwa cherehani ya kuazima, mvua ikinyesha anaikumbatia na kukimbia nayo ndani, na cherehani zake nne zipo nyuma ya kufuli ambalo nasikia limeshika kutu. Kesi tumeiahirisha mara thelathini na moja. Si kwa uzembe! Wakili wa shemeji ni rafiki yangu, tulisoma darasa moja, na kila asubuhi ya kesi tulikuwa tukikutana kantini, tunaagiza chai, mmoja anamuuliza mwenzake kama amejiandaa, mwenzake anasema bado, basi tunapanda juu kuomba tarehe. Huo ndio udugu wa mawakili unaofundishwa vyuoni.

Siku moja mama mshonaji akakaa kwenye lile benchi, akauliza maana ya neno "kuahirishwa". Kumbe kwa miaka tisa alidhani ni hatua ya kesi! Alidhani kesi inapanda ngazi na kila ahirisho ni ngazi moja, na alikuwa akizihesabu kwa furaha. Wakili wa Benchi alimweleza. Mama akaja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, akanitazama kuanzia joho hadi viatu, akaondoka. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Sasa kesi anayo yeye. Rafiki yangu alimwalika kantini, kwa nia njema kabisa, akakataa chai. Alipopelekewa pendekezo la kusogeza kesi mbele kidogo, alikwenda kumweleza mteja kila neno aliloambiwa! Nilipomkanya, akanijibu kwamba mwenye kesi ni mteja. Kwa miezi minne mashahidi wote wamesikilizwa isipokuwa mmoja, na huyo atasikilizwa Alhamisi ijayo, kisha hukumu isomwe siku hiyo hiyo.

5. Suala la wanawake. Nataka nieleweke: mimi si katika wale wanaume wanaodharau wanawake. Miaka yote kumi na minne nilikuwa nikimwambia huyu dada kwamba ana akili kuliko mawakili wengi. Nilikuwa namtia moyo ili achape haraka. Sikujua kwamba anaamini. Kumbe akitoka kazini anakwenda darasani, na hoja zangu alizokuwa akizichapa alikuwa akizisahihisha, na hoja zilizokuwa zikishinda, nimekuja kugundua, ni zile alizozisahihisha sana.

Tangu awe wakili, ameleta usumbufu usio wa lazima. Siku ya kwanza askari wa mlangoni alimuuliza amemsindikiza nani. Karani wa mahakama akamwelekeza kwenye viti vya mashahidi. Hakimu akauliza wakili wa mlalamikaji yuko wapi, naye akiwa amesimama mbele yake na joho. Badala ya kulipuuza jambo hilo kwa heshima, akajibu kwamba wakili ameshafika. Karani yule ana familia, alifedheheka sana. Baadaye akapata ujauzito, akaja mahakamani na joho lisilofunga vifungo, akasimama kwa muda wa saa mbili akijenga hoja mpaka mimi niliyekaa nikachoka, akashinda. Kisha akaandika barua kuomba choo cha mawakili wanawake, maana kilichopo ni cha wanaume. Walichomegewa ni stoo yetu ya miavuli. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mvua ikinyesha sasa tunalowana, na chanzo chake ni usawa.

Na bado ananiita "bosi". Kila asubuhi, "Shikamoo, bosi." Sijui kama ni adabu au ni kijembe, na kutojua huko kunaninyima usingizi wa mchana.

6. Meza yangu. Mama mshonaji alipoamua kuhama, Wakili wa Benchi aliniandikia rasmi akiomba faili la kesi. Mahakamani nilikuwa nimeeleza kwa miaka mingi kwamba faili hilo halionekani, na sikusema uongo, kwani kweli lilikuwa halionekani: lilikuwa chini ya mguu wa meza yangu, mguu ule mfupi wa upande wa dirisha, na juu yake kulikuwa na meza. Alipokuwa mpiga chapa wangu aliniandikia madokezo matatu kunikumbusha kwamba lipo pale. Madokezo yote matatu niliyaingiza ndani ya faili husika, kama utaratibu wa masjala unavyotaka.

Sasa faili limekwenda na meza inayumba. Nikiandika, inakwenda upande. Nikiweka chai, inamwagika. Hata sahihi yangu imeharibika, na benki wameshanipigia simu kuuliza kama kweli ni mimi. Naomba kamati itamke kwamba wakili anayechukua faili la mteja anapaswa kuangalia kwanza limeshikilia nini.

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako tukufu isimamishe leseni ya wakili huyu mara moja, kabla ya Alhamisi. Akisimamishwa, mama mshonaji hatakuwa na wakili, kesi itaahirishwa kwa mara ya thelathini na mbili, na mambo yatarudi kwenye mwendo wake tuliouzoea. Sisi wakongwe hatutaki makuu. Tunataka kupanda ngazi taratibu.

Nisalimie wajumbe wote, hasa yule wa masjala yenu ambaye hajawahi kunipotezea karatasi. Nisalimie makarani, madereva, na shemeji nyumbani kwako. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa amekataa kuisoma barua hii.

Wako katika kulinda heshima ya taaluma,

(Sahihi, iliyopinda kwa sababu zilizotajwa katika namba 6)

Bwana Tarehe,
Wakili, Ghorofa ya Pili.

Viambatisho: Orodha ya maahirisho thelathini na moja, picha ya meza, picha ya ngazi.

NYONGEZA: Nilipomaliza kuandika niligundua kwamba sijui utaratibu wa kumshtaki wakili kwenye kamati yenu. Kwa miaka thelathini na minne nimeshtakiwa tu, sijawahi kushtaki. Mpiga chapa wangu mpya hajui, na rafiki yangu wa kantini alisema tuulizane wiki ijayo. Ilikuwa Jumatano. Nikavua joho, nikalikunja mkononi, nikatoka, nikakaa mwisho wa benchi.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mshonaji. Hakunitazama kwa ubaya. Alisogea kunipa nafasi, akauliza habari za nyumbani, kisha akaliona joho langu, upindo wa chini umefumuka tangu sijui lini. Akalichukua mikononi mwangu, akatoa sindano kwenye pochi, akaushona pale pale tukisubiri. Barua hii ilikuwa mfukoni mwangu, inayoomba arudishwe kwenye mvua. Nilimshukuru.

Zamu yangu ilipofika, Wakili wa Benchi aliisoma barua yote, kurasa zote, uso haukubadilika. Akaniambia kwamba kulalamika ni haki yangu na asinizuie mtu, ila malalamiko yanahitaji kiapo, na akanionyesha mahali pa kujaza. Akasahihisha kosa la chapa katika namba 3. Akasema kwamba namba 4 na namba 6 zinanishtaki mimi kuliko yeye, na kwa kuwa yeye ndiye mlalamikiwa si sahihi anishauri zaidi ya hapo, nitafute wakili mwingine anisomee kabla sijaipeleka. Nikamuuliza kama ikifika kabla ya Alhamisi kesi ya mama inaweza kukwama. Angeweza kunidanganya. Alisema ndiyo, bosi, inaweza. Akanirudishia karatasi zangu, akamwita anayefuata.

Dakika sita, Ndugu Mwenyekiti. Nilielewa kila neno, nikatamani nisingeelewa.

Namba 4 na 6 sijaziondoa. Zina makosa yangu yote, na ndiyo mara ya kwanza nimeyaandika kwa lugha inayoeleweka. Mkitaka kuyafanyia kazi, anwani yangu mnayo.

Kuhusu kuipeleka, nimeamua barua hii isubiri mpaka Alhamisi ipite, mama apate ufunguo wake kwanza. Nimeikunja mara nne pamoja na viambatisho, nikainama, nikaitia chini ya ule mguu mfupi wa upande wa dirisha. Meza imetulia.